Vipuri vya gari vinazungumza, lakini kamusi iko kwa nani?

Msikilizaji wetu mmoja ametuandikia ujumbe mfupi wenye swali lisilotosha kwenye dakika tatu za hewani. Amenunua gari lililotumika, la miaka ya karibuni, kutoka Ulaya. Kamera ya nyuma ikafa. Akapata nyingine iliyotolewa kwenye gari la aina hiyohiyo lililokuwa limegongwa, fundi akaifunga. Plagi imeingia sawasawa, umeme unafika, lakini skrini imebaki nyeusi. Fundi akamwambia, "Gari halijaitambua." Naye anauliza: kifaa ni kilekile, nyaya ni zilezile, sasa gari linakataaje?

Tumelichukua swali hilo kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Vipuri vya magari mapya havingoji tena kuwashwa na kuzimwa kwa umeme tu. Vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Fundi anayeielewa lugha hiyo ataendelea kutengeneza magari, na asiyeielewa atabakiziwa oili na matairi. Na hata kama humiliki hata baiskeli, ukipanda gari kwenda mnadani au hospitali, gharama ya matengenezo imo ndani ya nauli unayotoa.

Lugha ya kwanza ilifanana na redio

Gari la zamani lilieleweka kwa macho. Swichi, waya, taa. Taa ikigoma unaufuata waya mpaka unapopaona palipokatika. Shida ilikuja vifaa vya umeme vilipoongezeka, kila kimoja kikidai waya wake, mpaka nyaya zikawa furushi zito na la gharama. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutafuta njia nyingine mwaka 1983, na mwaka 1986 ikaitangaza rasmi mjini Detroit, Marekani. Njia hiyo inaitwa CAN. Mwaka 1991 iliingia kwenye gari kubwa la kifahari la Mercedes-Benz, na baadaye ikasambaa kwa karibu watengenezaji wote.

CAN inafanya kazi kama sisi tulio studio. Tukitangaza bei ya mahindi hatujui nani anasikiliza. Mwenye mahindi anatega sikio, mwenye ng'ombe anasubiri habari za chanjo. Ndani ya gari, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zinapita kwenye kompyuta ndogo nyingi, zile ambazo mafundi wengi huziita kontroli boksi. Moja ikisema "gurudumu la mbele kushoto linazunguka kwa kasi hii", zote zilizo kwenye nyaya hizo zinasikia, na kila moja inachukua inachokihitaji. Ujumbe mmoja wa CAN ya kawaida haubebi zaidi ya baiti 8, yaani kama herufi nane tu, na kasi yake ya juu ni biti milioni 1 kwa sekunde. Kwa breki na taa hiyo inatosha kabisa.

Magari mengi ya Kijapani yanayopita kwenye barabara zetu za vumbi yanaongea lugha hii mpaka leo, na mafundi wetu wameizoea. Fundi mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu kwenye simu anaweza kusoma kosa P0300 na kujua injini inapiga miskosi, liwe gari la Japani au la Ujerumani. Lakini tusidhani huo ulikuwa ukarimu wa viwanda. Ni sheria. Marekani, ikipambana na moshi wa magari, ilidai magari kuanzia ya mwaka 1996 yawe na plagi moja ya kupimia na namba za makosa zinazofanana. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Fundi wa Makambako anafaidi leo sheria zilizotungwa kwa ajili ya hewa ya Los Angeles.

Lugha ya pili inafanana na simu

Kisha zikaja kamera, ramani, skrini kubwa na mifumo ya kumwonya dereva. Picha ya kamera kwenye CAN ni sawa na kujaribu kupitisha gunia kwenye tundu la ufunguo. BMW ya Ujerumani ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingiza ithaneti ndani ya gari, ule utaratibu wa kuunganisha kompyuta unaotumika maofisini. Gari lake la X5 la mwaka 2013 lilitumia ithaneti ya nyaya mbili tu kwa kamera zinazolizunguka gari. Mwaka 2015 utaratibu huo wa nyaya mbili ukawekewa kiwango cha kimataifa chenye kasi ya biti milioni 100 kwa sekunde, mara mia ya ile CAN ya kawaida.

Barabara ilipopanuka, ikahitajika lugha ya kuongea juu yake. Hapo ndipo ilipozaliwa SOME/IP, ambayo hewani ningeitamka "sam ai pi". Ilianzia BMW, kisha ikaingizwa kwenye viwango vya AUTOSAR, umoja wa watengenezaji wa magari na wa vipuri ulioanzishwa mwaka 2003. Tofauti yake kubwa na CAN ni kwamba haitangazi kila kitu kwa kila mtu. Inafanya kazi kwa kutoa huduma na kuomba huduma, kama unavyopiga namba ya kuangalia salio ukajibiwa wewe peke yako, au unavyojiunga na ujumbe wa bei za mazao ukawa unatumiwa kila bei inapobadilika.

Jambo la kupendeza zaidi ni jinsi vifaa vinavyotafutana. Wataalamu wanauita utaratibu huo ugunduzi wa huduma. Gari linapowashwa, kompyuta zake haziamki kwa wakati mmoja, na hakuna inayojua wenzake wameshaamka au la. Basi kila moja inafanya anachofanya muuza samaki anayeingia kijijini na baiskeli: inapaza sauti. "Mimi natoa huduma namba fulani, toleo fulani, ninapatikana anwani hii." Kabla ya kupaza sauti inasubiri kitambo kidogo kisichopangwa, ili zote zisipige kelele kwa mkupuo. Inarudia mara chache, kila mara ikiongeza muda wa kusubiri, halafu inatulia na kutangaza kwa vipindi. Inayohitaji huduma na haijasikia tangazo inaweza kuuliza: "Nani ana huduma namba fulani?" Zikikutana, moja inajiunga na nyingine, inakubaliwa, na taarifa zinaanza kutiririka.

Kila tangazo lina muda wa kuisha, kama kifurushi cha simu. Lisiporudiwa kabla ya muda huo, wengine wanahesabu kwamba mtoaji hayupo tena. Kwa hiyo kifaa kikifa njiani, skrini haikai ikikingoja milele, inakuonyesha ujumbe kwamba huduma haipatikani.

Maktaba isiyo na vitabu

Sasa nani anaandika programu za kuongea lugha hii? Kila kiwanda kingeweza kuandika yake kuanzia mwanzo, lakini ni kama kila fundi seremala kufua bawaba zake mwenyewe. Seremala ananunua bawaba dukani, anaendelea na mlango. Waandishi wa programu nao wana bawaba zao: mafungu ya maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mwingine anayachukua na kuyatia kwenye kazi yake. Fungu la namna hiyo wanaliita maktaba ya programu.

Maktaba inayojulikana sana kwa kuongea SOME/IP inaitwa vsomeip. Iliandikwa na wahandisi wa BMW, na inatunzwa chini ya COVESA, umoja wa kampuni za magari na teknolojia ambao mpaka mwaka 2021 uliitwa GENIVI. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya C++ na inafanya kazi kwenye kompyuta zenye Linux. Ndani ya kompyuta moja ya gari, programu moja inateuliwa kuwa msimamizi wa njia. Nyingine zote zinapitisha maombi yao kwake, naye ndiye anayeongea na vifaa vya nje. Utaona ni kama mjumbe wa nyumba kumi: barua za nje zinapitia kwake.

Na iko wazi. Imetolewa kwa leseni ya Mozilla, toleo la 2.0. Mtu yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari, kuitumia bure na kuibadilisha, mradi akisambaza alichobadilisha kwenye mafaili hayo ayaweke wazi pia. Kijana wa chuo cha ufundi mwenye kompyuta ya zamani na Linux anaweza kuipakua usiku huu, akaandika programu mbili ndogo, moja inatoa huduma na nyingine inaiomba, akaziona zikitafutana na kukutana. Atakuwa anachezea maktaba ileile ambayo wahandisi wa magari ya bei kali wanaitumia.

Ukisikia hivyo unaweza kushangilia: basi magari mapya yako wazi, fundi wetu ajifunze tu. Hapana. Hapo ndipo penye fundo.

Sarufi ni ya wote, kamusi ni ya kiwanda

SOME/IP inatambua huduma kwa namba. Kuna nafasi ya namba 65,536 za huduma, na kila huduma ina kazi zake, nazo zina namba. Maktaba inajua kuandika bahasha: nani anatuma, huduma namba ngapi, kazi namba ngapi, urefu wa ujumbe, ni ombi au ni jibu au ni kosa. Haijui barua iliyomo inasema nini. Huduma namba 4660 kwenye gari hili inaweza kuwa kamera, kwenye gari la kiwanda kingine ikawa kiti cha dereva, na kwenye la tatu isiwepo kabisa. Kinachoeleza namba ipi ina maana gani ni nyaraka za kiwanda, na hizo hazimo kwenye maktaba huria.

Ni sawa na kumpa mtu sarufi yote ya lugha ngeni bila neno hata moja la kamusi. Atajua mtendaji anakaa wapi na kitenzi kinakaa wapi, lakini hatajua kama ameambiwa karibu au toka.

Turudi kwa mwenye kamera. Fundi wake ana mambo mawili ya kuangalia kabla hajamshauri anunue nyingine. La kwanza ni toleo. Kamera mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na programu za matoleo tofauti. Skrini ikiwa imepangwa kutafuta toleo la pili na kamera inatangaza la kwanza, zitapishana tu kama watu wasiofahamiana. La pili ni usajili. Viwanda vingi huweka ndani ya kifaa alama ya gari kilikotoka, na kifaa hakifanyi kazi kwenye gari jingine mpaka kisajiliwe upya kwa mashine inayokubaliwa na kiwanda. Katika yote mawili plagi haina kosa na umeme hauna kosa. Kipimo cha umeme kitasema kila kitu ni kizima, na gari litaendelea kukataa.

Wenye viwanda nao wana hoja

Ukiwauliza watengenezaji kwa nini wanafunga, watakujibu: wezi. Na katika hili hawasemi uongo.

Mwezi Julai 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliliingilia gari aina ya Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu wakiwa mbali, wakati mwandishi wa habari akiliendesha kwenye barabara kuu karibu na St. Louis. Alikuwa amekubali kufanyiwa jaribio hilo. Walicheza na kiyoyozi na redio, kisha wakalikatia mwendo akiwa katikati ya magari mengine. Hawakupita kwenye SOME/IP. Walipita kwenye mfumo mwingine wa kupashana ujumbe ndani ya redio ya gari, ambao mlango wake uliachwa wazi kwenye mtandao wa simu. Fiat Chrysler iliyaita magari milioni 1.4 kwa marekebisho, na wenye magari wakatumiwa flashi kwa posta.

Tukio jingine limeelezwa na wataalamu mwaka 2023 baada ya Toyota RAV4 kuibwa London. Wezi hawakuvunja kioo. Walivuta bampa, wakachomoa taa ya mbele, na kwenye nyaya za CAN zinazofika kwenye taa hiyo wakachomeka kifaa kilichojifanya ni ufunguo. Kumbuka CAN ni kama redio: haiulizi anayesema ni nani. Kifaa kikasema "fungua", milango ikafunguka.

SOME/IP yenyewe nayo haifichi maneno yake, inategemea kufuli zinazoongezwa juu yake. Maktaba ya vsomeip ina sehemu ya kuandika masharti, programu ipi inaruhusiwa kutoa huduma ipi na ipi inaruhusiwa kuiomba. Na katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa inayodai ulinzi wa magari dhidi ya wavamizi wa kompyuta imekuwa ya lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Breki za gari zinazoweza kuamrishwa na mgeni si jambo la kufanyia mzaha.

Ila kufuli ya kumzuia mwizi inaweza pia kumzuia fundi, na kiwanda kinachouza vipuri na huduma hakina sababu kubwa ya kulia juu ya hilo. Baada ya kisa cha Jeep, Fiat Chrysler iliweka lango la usalama ndani ya magari yake. Fundi wa nje alitakiwa ajisajili, aunganishwe na seva ya kiwanda kwa intaneti na alipie. Kampuni mbili za Ujerumani, moja ya kubadilisha vioo na nyingine yenye gereji nyingi, zikaenda mahakamani. Kioo cha mbele cha siku hizi kina kamera nyuma yake, na ukikibadilisha lazima kamera ipimwe upya kwa kuongea na kompyuta ya gari. Mwezi Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kiwanda hakiwezi kumwekea fundi masharti ambayo hayamo kwenye sheria ya Umoja huo ya mwaka 2018, sheria inayodai mafundi wa nje wapewe taarifa za matengenezo bila ubaguzi. Kisingizio cha usalama hakikutosha.

Marekani nako, katika jimbo la Massachusetts, wapigakura mwaka 2020 waliunga mkono kwa karibu asilimia 75 kwamba mwenye gari na fundi wake wapate taarifa ambazo gari linazituma hewani.

Kwa maoni yangu mahakama ile ilipiga penyewe. Kamusi ya kamera ya nyuma si siri ya nchi. Ufunguo wa kuwashia gari na amri za breki zilindwe kwa kila namna, hata fundi aombe kibali na aandike jina lake. Lakini kumnyima fundi maana ya namba ya kamera au ya motori ya dirisha ni kumlinda muuzaji wa vipuri.

Hayo yanatufikia lini?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza yenye miaka 15 na kuendelea. Ukipiga hesabu, X5 ile ya mwaka 2013 ilikwisha kuvuka umri wa Kenya zamani. Magari yaliyokuja baada yake, yenye ithaneti ndani, ndiyo yanayoshuka bandarini sasa. Kwa kila gari la namna hiyo yapo mengi ya Kijapani ya kawaida ambayo CAN inayatosha, kwa hiyo hakuna sababu ya taharuki. Lakini mlango umeshafunguka, na hauwezi kufungwa.

Sheria ile ya Ulaya inamlinda fundi wa Ulaya. Gari likivuka bahari, kinga hiyo hailifuati. Mamlaka zetu za viwango, TBS upande wa Tanzania na KEBS upande wa Kenya, zina nguvu ya kusema gari gani linakidhi ubora. Kama Marekani mwaka 1996 iliweza kudai plagi moja kwa ajili ya moshi, nchi za Afrika Mashariki zikisimama pamoja zinaweza kudai kwamba anayetuuzia magari kwa wingi atoe na taarifa za kuyatengeneza, kwa bei ambayo gereji ya wilayani inaimudu. Nchi moja moja soko lake ni dogo. Zikiungana, ni mnunuzi ambaye muuzaji anamsikiliza.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayetaka kununua gari la miaka ya karibuni amuulize fundi wake kwanza kama mashine yake inaisoma modeli hiyo mpaka ndani, si injini tu. Ukinunua kipuri kilichotumika, linganisha namba iliyoandikwa kwenye kibandiko chake na ya kile cha zamani, herufi za mwisho zikiwemo, maana mara nyingi ndizo zinazotofautisha toleo. Dai funguo zote mbili za gari siku ya kununua. Na fundi umeme, ukikuta nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, usizifumue ukazikata na kuzifunga kwa tepu kama za taa. Msokoto ule una kazi. Ukiufungua kwa urefu mkubwa, mazungumzo yanachafuka, na kosa litatokea siku moja lipotee siku inayofuata, jambo ambalo ni gumu kulitafuta kuliko kosa la kudumu.

Vyuo vya ufundi vinavyofundisha umeme wa magari vina nafasi hapa ambayo haidai fedha nyingi. Sarufi ni bure. Mwanafunzi aliyekwisha kuona kwa macho yake huduma ikitangazwa, ikitafutwa na ikipishana kwa sababu ya toleo, atajua la kufanya siku atakapokutana na skrini nyeusi, na atajua aombe nini kwa kiwanda.

Mafundi mnaosoma hapa, tuandikieni magari yanayowashinda. Ukituma ujumbe, weka aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, kifaa ulichobadilisha, na maneno kamili yanayotokea kwenye skrini, hata kama ni ya Kijerumani au Kijapani. Picha ya skrini inafaa zaidi.